Fulana Yenye Benchi Letu

Benchi letu lipo kwenye kona, kati ya banda la kinyozi na ukuta wa ghala lililofungwa siku nyingi. Lina miguu mitatu ya mbao. Wa nne ulivunjika, pakawekwa matofali matatu, na la katikati lina ufa, kwa hiyo anayekaa upande huo hunywa kahawa kwa adabu. Upande huo ni wa Soli, fundi viatu, ambaye hufanya kazi hapo hapo, kiatu gotini na misumari mdomoni. Anayemfuata ni Karani, mzee aliyestaafu ofisini ila ofisi haijastaafu ndani yake. Kisha Shangazi, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila asubuhi huja kwa dakika moja tu na kuondoka adhuhuri. Mwisho ni Wembe, kinyozi, aliye karibu na mlango wake ili mteja asimpite. Mimi ninauza kahawa. Hukaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanangu mgongoni, birika mkononi. Wananiita Mama Kimya, na hawajakosea.

Siku hiyo Wembe alitoka bandani kwake mbio, simu juu kama mtu anayetafuta mtandao.

Wembe: Jamani, tumeibiwa!

Soli akatema misumari kiganjani.

Soli: Nani kaibiwa? Mimi nipo kamili.

Wembe: Wewe ndiye umeibiwa zaidi. Sikilizeni. Jana jioni kaja mteja, simjui, hajawahi kufika. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikamnyoa, tukaongea mambo ya hali ya hewa. Namaliza, namfungua kitambaa, nini nakiona? Najiona! Nimekaa kifuani kwake!

Shangazi: Wewe?

Wembe: Mimi! Na wewe! Na benchi hili hili, na matofali yake. Ipo kwenye fulana. Nikamuuliza kaitoa wapi, akaniambia kainunua mtandaoni, akanionyesha ukurasa. Tazameni wenyewe.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Sikuhitaji kuiona. Nilijua kuna fulana nyeupe, na juu yake benchi, na watu wanne, na birika, na chini maneno ambayo Soli humwambia kila mteja anayemsumbua: HARAKA HARAKA HULA SOLI. Nilijua hata kidole gumba cha Shangazi kinavyoning'iniza ndala ya kushoto, maana kilinitesa siku tatu kukipata. Ule mchoro ni wangu. Ukurasa ni wangu. Nimechora kwa kidole kwenye simu yenye ufa kwa miezi tisa, mtoto anapolala, na hapa kijiweni hakuna aliyejua. Nilikuwa nimekusudia kuwaomba ruhusa. Kila asubuhi nilikusudia. Kila asubuhi nilimimina kahawa badala yake.

Soli: Hii ni pua yangu?

Shangazi: Ni yako kabisa. Imekaa vizuri.

Soli: Imekaa vizuri wapi? Imechukua nusu ya fulana! Mtu akiivaa atajifungaje mkanda?

Karani alikuwa ameshaisogeza miwani yake puani.

Karani: Nyamazeni nisome. Imeandikwa hapa: "Fulana hutengenezwa baada ya wewe kuagiza." Mnaelewa maana yake? Anauza kitu ambacho hakipo! Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na mmoja. Nimeona wafanyakazi hewa, nimeona vikao hewa, nimehudhuria viwili. Lakini fulana hewa, hii ndiyo ya kwanza.

Shangazi: Kwani gauni lako lipo kabla hujaja kupimwa?

Karani: Mimi sivai gauni.

Shangazi: Nakupa mfano, mzee. Hata mimi sishoni nikaweka. Mteja akija ndiyo nakata kitambaa. Huyu naye labda ana kiwanda mahali, akipata mteja ndiyo wanapiga chapa. Hapo sioni kosa.

Wembe: Kosa ni sisi kuwa humo ndani! Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Shangazi: Vimeundwa na nani?

Wembe: Hapo ndipo wahenga walipoishia.

Nikamjazia Karani kikombe. Tone moja likaangukia goti lake, lakini nani huangalia mkono wa muuza kahawa?

Wembe: Mimi nasema ni simu. Simu zinasikiliza. Juzi nimetaja jino mara moja tu, nimeletewa matangazo ya dawa ya meno wiki nzima. Simu imemsikia Soli na maneno yake ya haraka haraka, ikayapeleka makao makuu.

Soli: Simu yangu haina hata kamera. Ina tochi.

Wembe: Basi tochi ndiyo imekuona.

Karani: Hapana, hapana. Hili ni suala la eneo. Mtu akitaka kuchukua sehemu, kwanza huchora. Leo benchi lipo kwenye fulana, kesho lipo kwenye ramani, keshokutwa tunaambiwa tupishe ujenzi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

Soli: Maana yake nini hapo?

Karani: Maana yake tusikubali.

Soli: Mimi nasema tumepigwa picha kutoka angani. Kuna vyombo huko juu vinaona mpaka sisimizi.

Shangazi: Kutoka angani wangechora kipara chako. Hapa wamechora pua. Aliyekuona alikuwa mbele yako, tena chini kidogo, kama mtu aliyekaa chini.

Ndoo yangu ni fupi kuliko benchi. Nikainama nikapuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kisha Wembe akaikuza picha kwa vidole viwili, akaacha kucheka.

Wembe: Ngojeni kwanza. Hili birika.

Soli: Limefanya nini?

Wembe: Lipo hewani! Limeinama, linamimina kahawa kwenye kikombe changu, na hakuna aliyelishika. Linajimimina lenyewe!

Wakaegemeana wote kutazama. Benchi likalia upande wa matofali.

Soli: Kweli tena. Hakuna mtu.

Wembe: Hilo si suala la mtandao. Hilo ni jini. Jini lenye duka!

Soli: Na limeshauza fulana kumi na saba, imeandikwa hapo. Watu kumi na saba wanatembea mjini na pua yangu. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi sikuwepo na langu lipo mpaka kwenye vifua vya watu!

Shangazi alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi na upindo wa kanga. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amekasirika sana. Wembe aliomba mara tatu picha irudishwe kwake, na kila mara alikuwa anajitazama yeye, maana nilimchora mwembamba. Hata Soli alikuwa amejigeuza upande, ile sura aliyonayo kwenye mchoro, kama anayesubiri kuchorwa tena.

Ila Karani ni mtu wa taratibu.

Karani: Tukicheka tumekubali. Suala ni moja. Je, tuliombwa ruhusa? Hatukuombwa. Hapa kuna mahali pameandikwa "Ripoti ukurasa huu". Wembe, hapo pakibonyezwa inakuwaje?

Wembe: Akibonyeza mmoja wanapuuza. Wakibonyeza wengi kwa pamoja, nasikia ukurasa unafungwa na kila kilichomo kinaondoka.

Karani: Basi tutabonyeza wote. Mimi naandika maelezo, ninyi mnanifuata. Soli atatumia simu ya Shangazi.

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwa sauti. "Sisi... wenye... sura... zilizotajwa... hapo... juu..."

Nikasimama. Nikakaa. Mtoto akajigeuza mgongoni. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na michoro ishirini na minne. Kulikuwa na ndoo yangu, na kidole cha Shangazi, na mwanangu amelala ameshika kifuniko cha birika. Simu yangu ni ndogo. Nikimaliza mchoro naupandisha kule na kuufuta huku ili nafasi ipatikane. Ukifungwa, sina pengine. Na aibu ilikuwa kwamba Karani alikuwa na haki. Sikuomba.

Karani: "...bila... idhini... yetu... ya... maandishi." Nukta. Haya, shikeni simu. Nikihesabu tatu.

Hapo akaja mtu. Mwanaume wa makamo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, soli ikiwa imefungua mdomo.

Mgeni: Salamu zenu wazee. Fundi viatu ni nani hapa?

Soli: Ni mimi, lakini subiri kidogo, ndugu yangu. Haraka haraka hula soli. Tuna kazi ya kufunga duka la jini.

Mgeni: La nani?

Wakamweleza wote kwa wakati mmoja: simu inayosikiliza, ramani, vyombo vya angani, fulana hewa. Karani akampa simu aone ushahidi. Mgeni akatazama picha, akatazama benchi, akahesabu vichwa vinne kwenye picha na vichwa vinne mbele yake, akatabasamu kwenye pua ya Soli kisha akajizuia kwa heshima. Wembe, kwa mazoea yake, alikuwa ameninyooshea kikombe bila kugeuka, nami nikaanza kumimina.

Mgeni: Mmependeza sana. Ila naomba kuuliza.

Karani: Uliza.

Mgeni: Kila siku hapa, kahawa anamimina nani?

Wembe akaitazama picha, juu ya birika, kama mtu anayetafuta mkono uliojificha nyuma ya mwingine. Soli akamtazama Karani. Karani akavua miwani, na Karani havui miwani ila kwenye msiba.

Wembe: Weee! Inamwagika!

Kikombe chake kilikuwa kimejaa, kimefurika, na mimi bado namimina. Kahawa ilimshukia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Wote wakatazama kikombe. Kutoka kwenye kikombe wakatazama mdomo wa birika, kutoka hapo mpini, kutoka hapo vidole vyangu, na macho kumi yakapanda polepole mkono mzima mpaka usoni kwangu.

Nikasema: Ni mimi.

Sauti ilitoka ndogo, basi nikarudia.

Nikasema: Ninayemimina ni mimi. Na aliyechora ni mimi. Ukurasa ni wangu. Nachora kwa kidole, mtu akiagiza, wapo wanaopiga chapa na kumpelekea, mimi napata fungu langu. Sijawahi hata kuigusa hiyo fulana. Nilitaka kuwaomba ruhusa, nikaona haya. Nisameheni. Naomba msibonyeze.

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo hapa. Nadhani hata mtoto alishtuka.

Soli akaishika pua yake.

Soli: Mama Kimya! Pua yangu umeionea wapi ukubwa huo?

Nikasema: Nimeipunguza, baba.

Basi wakalipuka. Shangazi alicheka akimpiga Karani begani, Karani akicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Wembe, mkono ukiwa bado unachuruzika, alinyanyuka akamtangazia mpita njia asiyehusika kwamba yeye ni mtu wa kwenye fulana. Mgeni alisimama na kiatu chake mkononi, akicheka kwa kuwa wengine wanacheka.

Shangazi: Jini lenyewe lina mtoto mgongoni! Na mimi nilisema aliyetuona alikaa chini. Nilisema au sikusema?

Wembe: Lakini mbona wewe hukujichora?

Nikaitazama ndoo yangu.

Nikasema: Kutoka pale kwenye ndoo, sijioni.

Hapo kicheko kilipungua kidogo. Karani akaisafisha miwani yake kwa shati, akaivaa, akaanza kufuta yale maelezo, herufi moja moja, kwa kidole kile kile kimoja. Ilichukua muda mrefu kuliko kuandika.

Karani: Kwa upande wangu nakupa idhini. Ya maandishi utaletewa kesho, na nakala utaiweka. Ila iwe na sharti.

Nikasema: Sharti gani, babu?

Karani: Mchoro haujakamilika. Birika haliwezi kukaa hewani. Mimi ni mtu wa ofisi, siwezi kuidhinisha birika hewa.

Shangazi: Jichore, mwanangu. Mkono peke yake hautoshi, usitufanyie ujanja. Weka na uso.

Soli: Na pua yako iwe kubwa kuliko yangu.

Mgeni: Nami nataka moja. Itakayokuwa na huyo mama.

Wembe: Umesikia? Ya kumi na nane hiyo! Na haipo bado!

Shangazi akaninyang'anya birika, akawasukuma wanaume kwa nyonga mpaka nafasi ikapatikana katikati ya benchi. "Kaa hapo," akasema. Nikakaa. Miaka mitatu ninauza kahawa hapa, na sikujua kwamba ukikaa hapo unauona mlango wa Wembe wote, na jiko langu, na ile ndoo yangu, jinsi ilivyo ndogo. Nikatoa simu. Wembe akamshika mtoto, mtoto akamshika Wembe ndevu. Soli akaanza kumshonea mgeni kiatu chake polepole, jicho moja likiwa kwenye kioo cha simu yangu kukagua pua.

Shangazi akainua birika ammiminie kila mtu, kama ninavyofanya mimi. Akaliinamisha kwa Karani, likatoa tone moja tu. Akalitikisa karibu na sikio lake. Kahawa yote ilikuwa imeishia kwenye mkono wa Wembe, imebaki nusu kikombe tu, tena ya chini, nzito.

Wakatazamana. Kisha Karani akachukua kikombe chake, akakifuta vizuri kwa leso yake, akakishikilia mpaka Shangazi alipomaliza kumimina, akanipa mimi.

Nikainywa nikiwa nimekaa.