Tangazo Lililosubiri Sauti ya Nyumbani

Tangu Jumatatu, simu ya mke wa marehemu haijalia saa nne kamili asubuhi. Kwa miaka kumi na tano ililia saa hiyo hiyo, marehemu akipiga kutoka ofisini: "Mama watoto, fungua ukurasa wa tovuti, nisomee unachokiona." Mkewe, mshonaji wa mapazia, aliweka mkasi chini akasoma. Alipokwama, marehemu aliandika upya. Alikuwa akisema kuwa kinachomshinda mama mwenye pini mdomoni kitamshinda mwananchi yeyote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, kisha sekondari ya bweni, alikohitimu mwaka 1981 akiwa na alama nzuri na mwandiko mbaya. Mwandiko huo ndio uliomsukuma kujifunza kupiga chapa.

Mwaka 1984 aliajiriwa na halmashauri kuwa mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizifunika vitambaa, yeye alizifunua. Mwaka 2009 alizishawishi halmashauri tisa, ambazo hakuna hata moja iliyoweza kuajiri mtaalamu wake, ziunde ushirika: fundi mmoja, mtambo mmoja wa kompyuta, tovuti tisa, na kura moja kwa kila mwanachama, awe mkubwa au mdogo. Fundi akawa yeye.

Tovuti hizo zilimtangaza kuwa amekufa kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Akijaribu ukurasa wa matangazo ya vifo, aliandika jina lake mwenyewe, maana hakutaka kumchulia mtu mwingine. Jaribio likamponyoka, likatoka kwenye tovuti zote tisa. Mkewe, aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Desemba 1990, alirudi nyumbani akakuta watu wamejaa uani wanalia, na marehemu katikati yao akiwagawia maji.

"Nimewaambia niko hai," alimwambia. "Wanasema wamesoma kwa halmashauri."

Tangu hapo wanachama walimwita Marehemu hata vikaoni, naye aliitika. Lakini alipendekeza kanuni, ikapita kwa kura zote tisa: tangazo la kifo lisitoke mpaka mtu wa nyumbani alisome kwa sauti, neno kwa neno, kwenye simu.

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Mchana huo katibu wa ushirika alipiga simu. "Pole sana, shemeji. Tangazo liko tayari. Tunakusubiri wewe tu." Mkewe akakata simu. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Kwenye tovuti tisa marehemu aliendelea kuwa fundi, picha yake ikitabasamu juu ya namba yake. Wananchi waliendelea kumwandikia, na mtambo ukawajibu kwa maneno aliyoyaweka mwenyewe: *Nimeupata ujumbe wako. Nitakujibu leo.*

Mdogo wake marehemu alimsihi. "Shemeji, watu hawajui. Tutamzika peke yetu."

"Nikisoma, itakuwa kweli."

"Imeshakuwa, shemeji."

Alhamisi alisoma. Alikwama mara moja tu, penye tarehe, na hakukuwa na wa kuandika upya.

Haikupita nusu saa, ofisa wa halmashauri mojawapo akapiga, anacheka. "Shemeji, mwambie Marehemu tumemshtukia. Safari hii hatuji kulia bure."

"Njooni tu," mkewe alimjibu, na kicheko upande wa pili kikakatika.

Wanachama wote tisa wamethibitisha kuja. Ofisa huyo ameomba awe miongoni mwa wabebaji wa jeneza.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake, na wanaushirika waliomzoea. Mungu ampe pumziko lisilokatizwa. Safari hii yumo kweli, ndani ya jeneza lililo mbele yenu.