Kaka Fa na Ukumbi Uliochanganya Nne na Kumi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika kiwanda chetu cha skrubu, Bwana Chiu Jung-fa, ambaye hapa Gangshan, kusini mwa Taiwan, hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Kaka Fa, anastaafu tarehe thelathini Juni. Idara ya mauzo imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na ikanisihi nisimsifu kupita kiasi. Sitapata shida.

Alianza kwenye mashine za kugonga vichwa vya skrubu. Anayezijua mashine hizo anajua kwamba ukitaka kumwomba mwenzako spana huna budi kupaza sauti kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto. Kaka Fa alizoea kuzungumza hivyo, na alipohamishiwa mauzo alihama na sauti yake. Mteja mmoja wa Pingtung alikuwa akiiweka simu mezani na kuendelea kula tambi huku akimsikiliza. Hata hivyo aliuza. Ndiye aliyewashawishi waunda mashua wa Donggang waachane na skrubu zinazoshika kutu, na wateja wetu wakongwe, wale wanaoagiza kwa Kitaiwani cha nyumbani, hawakutaka kuzungumza na mwingine.

Kisha tukahamia jengo jipya. Ofisi ya zamani ilikuwa na dari fupi, mapazia mazito, zulia lililochakaa na maboksi ya sampuli kila kona, nasi tulikuwa tukiilalamikia. Msanifu kutoka Taipei akatupa ukumbi mmoja kwa idara zote: kuta za kioo, sakafu inayong'aa, dari ya zege tupu. Ulipendeza sana kwenye picha. Lakini kikombe kikiwekwa mezani huku, kule mtu aligeuka. Hata usingizi wetu wa baada ya chakula, taa zikiwa zimezimwa na kila mtu amelaza kichwa mezani, uligeuka kazi ya kusikiliza wenzetu wakikoroma mara mbili mbili, wao na mwangwi wao.

Hapa nieleze jambo ambalo sisi tunalijua, lakini wageni watakaosoma jarida hili kwenye sherehe ya kumuaga huenda hawalijui. Katika Kichina cha shuleni, anayesema kumi hukunja ulimi, na anayesema nne haukunji. Sisi watu wa kusini hatukunji ulimi kwa ajili ya mtu yeyote. Kwetu ni tamko lilelile, ila kwa nne sauti hushuka na kwa kumi hupanda. Kwenye chumba tulivu, hilo linatosha. Kwenye ukumbi wetu, mkia wa neno la jirani uliangukia kichwa cha neno lako, na kupanda na kushuka kukawa uji mmoja.

Aliyeumia ni Yeh Pei-shan, karani wa maagizo, aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Yeye ni mtu wa Taoyuan, huko kaskazini, Kitaiwani hakijui, kwa hiyo maagizo yote aliyapokea kwa Kichina. Mteja wa Chiayi aliagiza makasha manne akapelekewa kumi. Mwingine alitaka kumi akapata manne, na ujenzi wake ukasimama. Alipoanza kuwaomba wateja warudie, mmoja alimwambia, "Binti, hii mara ya tatu unaniuliza. Nikuimbie?" Akaogopa kuuliza. Mkurugenzi Hsiao akamweleza, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba kosa moja zaidi na mkataba wake hautathibitishwa.

Kaka Fa akasimama katikati ya ukumbi na kutangaza kwamba mkosaji si binti, ni chumba.

Tulicheka, nami nilikuwamo. Mtu mwenye sauti ya king'ora analalamikia kelele! Shangazi Tsui-lan wa ufungashaji alimuuliza, "Kwani Kaka Fa, siku hizi chumba kina masikio?"

"Kingekuwa na masikio kingesikia kikanyamaza," akamjibu. "Hiki kina mdomo tu, kama wewe."

Kilichofuata kilituchosha wote. Alianza na trei za mayai, alizozipata kwa shemeji yake mfugaji na kuzibandika ukutani siku ya mapumziko bila kumuuliza mtu. Ukumbi ulinuka kuku, mwangwi ukabaki palepale, na mkaguzi wa moto akaamuru zing'olewe. Kisha akavisha miguu ya viti vyote mipira ya tenisi. Hilo lilisaidia, nakiri, maana viti viliacha kulia sakafuni, ila viliteleza tulipoinuka. Kisha akaanza kutukemea: ndala zako, kikohozi chako, unatafuna nini. Alitukemea kwa sauti ileile ya mashine za skrubu, na kila karipio lilirudi kutoka kwenye kioo kutukaripia tena.

Hatimaye alimwomba mkurugenzi akae kwenye meza ya Pei-shan asubuhi moja ya Jumatatu, apokee maagizo ya kubuni. Kaka Fa alishuka ghorofa ya chini, akapiga simu, akataja idadi. Mkurugenzi akakata simu. "Mwambieni apande," alisema. "Namsikia kupitia sakafu."

Jaribio likaharibika, na Kaka Fa akarudi amenuna. Safari hii akashuka Shangazi Tsui-lan, mwenye sauti ya watu, naye akaagiza kama wateja wanavyoagiza, haraka, huku sisi tukiendelea na kazi zetu. Mkurugenzi alijiziba sikio moja. Akainama hadi paji la uso likagusa meza. Akasema, "Rudia." Akasema tena. Mara ya tatu aliona haya, akaandika tu. Karatasi ilipolinganishwa na ya Shangazi, nne zilikuwa kumi na kumi zilikuwa nne, karibu nusu ya orodha.

Mkurugenzi aliiweka karatasi mezani. Kisha akamgeukia Pei-shan. "Binti, umewezaje kupatia mara nyingi hivyo?"

Yaliyofanyika baadaye mnayaona. Sauti ni kama mpira: kwenye kigae hudunda, kwenye godoro hubaki. Trei za mayai zilishindwa kwa kuwa ni nyembamba na nyepesi. Vibao vinene vya kitambaa kilichoshindiliwa, vinavyoning'inia darini, huimeza sauti. Tuliweka zulia, mapazia mbele ya vioo na viambaza vya kitambaa kando ya simu. Mashine ya kuchapisha na birika la chai vikapelekwa nyuma ya rafu za sampuli. Na kumi, kwa amri ya ofisi, sasa huthibitishwa kwa kusema "moja, sifuri", na hakuna mteja anayeona ameulizwa mara mbili.

Ukumbi ukatulia kweli, na ndipo tukabaini kelele moja iliyosalia. Wiki ya pili, Kaka Fa akiwa kwenye simu na watu wa Donggang, Pei-shan aliinuka, akamwendea, akasema, "Kaka Fa, samahani, punguza sauti. Simsikii mteja wangu."

Ukumbi mzima ulingoja. Kaka Fa aliinama kidogo, akachukua simu yake akaenda kumalizia kwenye ngazi za nje. Tangu siku hiyo simu zake zote huzipigia huko, mvua au jua, na hajawahi kulalamika. Kwa mtu tunayemfahamu, huo ni muujiza.

Mkataba wa Pei-shan ulithibitishwa. Kuanzia tarehe mosi Julai wateja wote wa Kaka Fa watakuwa wake. Tangu mwezi wa pili Kaka Fa amekuwa akimfundisha Kitaiwani hukohuko ngazini, kwa makelele.

Asante, Kaka Fa, kwa kutuchosha hadi tukasikia. Mungu wa mlango, yule aliyechorwa kwenye mlango wa nyumba yako, akulinde, wewe na mkeo, mpumzike mkiwa na afya. Utupigie simu. Hata ukinong'ona, ukiweza kunong'ona, kuna mtu hapa atakayekusikia.