Mama Kipimo na Nguzo ya Shimoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuamini kitu mpaka akipime. Wenzake walimwita Mama Kipimo. Kazi yake ilikuwa kuchoma taka. Narudia: kuchoma taka, miaka kumi na mmoja, kwenye tanuri la jalala la mji.

Jalala lile lilikuwa shimo, na shimo lilikuwa linajaa. Likijaa, lingepanuliwa kuelekea bondeni, na nyumba ya kwanza kubomolewa ingekuwa ya mdogo wake wa kiume. Ndipo likaletwa tanuri. Msimamizi akatangaza kwamba mapipa kumi ya taka yatabaki pipa moja tu la majivu.

"Bosi, nataka kuona kwa macho yangu," Mama Kipimo alimwambia.

Wakachoma. Unadhani yalibaki mangapi? Manne! Tena yenye maganda mabichi katikati. Msimamizi akanywea. Mama Kipimo akachukua fimbo, akachokorachokora, akatoa ganda moja, akalikamua. Maji yakachuruzika.

"Kumbe hatuchomi, tunachemsha," alisema.

Tangu siku hiyo kila mfuko uliminywa kwanza. Ukitoa maji, unakwenda kwenye mbolea. Mkavu, motoni. Na chujio la moshi lisiposafishwa, hawashi mtu. Mapipa kumi yakabaki moja na robo. "Hiyo robo inanikosesha raha," alimwambia mumewe kila wakikaa mezani, mpaka mzee wa watu akaomba wabadilishe mazungumzo.

Ndani ya shimo alisimamisha nguzo ya chuma. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alichora mstari pale taka zilipofika. Shimo lilikadiriwa kujaa baada ya miaka miwili. Miaka kumi na mmoja imepita, halijajaa.

"Dada aliniambia, 'Usifunge mizigo mpaka mimi niseme,'" anasimulia mdogo wake. "Hakusema."

Mama Kipimo aliugua ghafla, akatutoka wiki iliyopita. Juzi ilikuwa Jumatatu ya kupima. Mdogo wake alishuka shimoni na kopo la rangi. Akachora mstari, ukapinda. Juu ya mstari ule, nguzo iliyobaki bado ilimzidi kimo.

Kwa mume, kwa mdogo wake na kwa wenzake wa tanurini, poleni sana. Imetuuma. Nawe msikilizaji, leo kabla hujatupa mfuko wako, uminye kwanza. Ukichuruzika, mkumbuke.