Kila Mtu Atoe Kitambulisho

Ndani ya basi la chuo, hapa Halifax, kijana mweusi kama mimi, kiti cha mbele yangu, alikuwa akimlalamikia mama mweusi aliyeketi naye.

"Mlinzi wa maktaba alikuwa anatudai vitambulisho sisi weusi tu. Chuo kikaunda kamati, sasa anadai kila mtu. Hiyo ndiyo dawa ya ubaguzi, mama?"

"Hata maprofesa?"

"Jana kamrudisha mkuu wa kitivo nyumbani, kasahau chake."

Mama alicheka mpaka kofia ikamfunika macho. "Nimesoma hapo, mwanangu. Niache nifurahi kwanza."

"Si bora asidaiwe mtu?"

"Hilo lidaini nyinyi vijana."

Basi likasimama maktaba. Wazungu wakaanza kupapasa mifuko. Mimi na kijana tulikuwa tumeshika vyetu tangu kituo cha nyuma. Mazoea.