Mbuzi Waliovuka Kijito

Mheshimiwa Mkurugenzi Zongo, uliyetoka Wagadugu kuja kuufunga mradi wa mbuzi, Bi Pélagie Sawadogo, mpimaji wetu tunayemuaga leo, machifu wa vijiji vyote viwili, kina mama, nanyi Wamosi mlioketi mbele, watani wetu sisi Wasamo tangu enzi za mababu, watumwa wangu, ambao vichwa vya punda mlivyokula asubuhi vimeanza kuwaletea usingizi: habari za saa hizi.

Mimi ni Issiaka Toé, Msamo wa Kouwé. Shule niliiacha siku walipofikia hesabu za kugawanya. Nimeombwa niseme kwa niaba ya kijiji kisichopewa kitu. Ndiyo, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Ng'ambo ya kijito, Nongtenga, kwa Wamosi, kina mama walipewa mbuzi. Sisi hatukupewa hata kamba, ili Bi Pélagie apate wa kuwalinganisha nao. Na kazi ya kukosa tuliifanya kwa bidii. Kila mwaka alikuja kupima mikono ya watoto wa huku na wa huko, nasi tukapanga mstari bila kugombana.

Sasa majibu yametoka. Watoto wa Nongtenga wamenenepa. Wetu nao wamenenepa vilevile. Kwa hiyo wakubwa wamesema mbuzi hawakusaidia kitu, mradi ufungwe, na wajane wa Nongtenga wanaongoja mbuzi wao mwakani wasipewe.

Jamani, nani alimwambia mbuzi asivuke kijito?

Bi Pélagie, uliniuliza, "Mzee Toé, umewahi kupewa mbuzi?" Nikajibu sijapewa, na ni kweli. Mtani hapewi, mtani huchukua. Hukuniuliza nimechukua wangapi.

Nilikwenda msibani kwa Mama Tipoko, huyu hapa, nikamkuta analia, na mbuzi jike kafungwa mlangoni. Nikamfungua.

"Wewe mla mbwa, unampeleka wapi huyo?"

"Nampeleka kwa bwana wake. Wewe endelea kulia."

Akacheka, machozi yakiwa bado yanamtiririka. Wiki iliyofuata akaingia kwangu, akajaza kikapu karanga, akaweka na jogoo wangu juu, na mke wangu mwenyewe ndiye aliyemtwisha. Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba: maziwa yakaja huku, karanga zikaenda kule. Mlitupima kana kwamba katikati yetu kuna ukuta, kumbe kuna utani tu. Je, mbuzi hao walishindwa, au walifanya kazi mbili kwa mshahara mmoja? Mkitaka kupima tena, tafuteni kijiji kisicho na mtani ng'ambo. Mkikipata mtuambie, twende tukawape pole.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naona huniamini. Lakini wewe ni Zongo, Mmosi mpaka unyayoni, na nyuma ya gari lako alikuwamo beberu uliyezawadiwa na Nongtenga. Nimeshamshusha. Yuko pale, anatafuna kofia ya dereva wako. Ukimdai, utakuwa umeuvunja utani mbele ya vijiji viwili, nami nitakubali kwamba mbuzi huwa hawavuki. Ukiniachia, basi na wajane wapewe wao.

Naona unacheka. Bi Pélagie, umeshuhudia kwa macho yako: andika.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza bila kusinzia, hata Wamosi. Nawe Zongo, mtumwa wangu, asante kwa kitoweo.