Mgongo wa Koplo Didace

Benchi liko mbele ya karakana yangu ya baiskeli hapa Kashaulili, upande wa kivuli, na kila jioni linajaa watu wasio na baiskeli. Mbao ni zangu, misumari ni yangu, kelele ni zao. Lyamba, tunayemwita Profesa, ndiye anayeleta birika la kahawa, na maoni anayatoa bila kuombwa. Gratien wa Katumba tunamwita Redio, maana akishawaka hazimiki. Malale ni dereva wa bodaboda, jina lake Breki, kitu ambacho pikipiki yake haina, kwa hiyo jina hilo hatulitaji Koplo Didace akiwepo. Koplo mwenyewe hana jina la utani. Nani atampa? Ni askari wa doria, mtu mpole, anakunywa kahawa yake taratibu na kuaga. Ila tangu mvua zianze alikuwa haketi tena. Alisimama na kikombe, mkono mmoja kiunoni, ameegemea ukuta wangu mpaka chokaa ikaanza kubanduka.

Kwamba ni mgongo, tulijua wote. Mtu anayeshuka kwenye gari la doria kama anashusha kabati la vioo hahitaji kujieleza. Tulijua pia kwamba wiki iliyofuata kulikuwa na ukaguzi. Wakubwa wanakuja kuangalia askari wanavyokimbia, wanavyoinama, wanavyosimama, na Koplo ana watoto watatu wanaosoma. Yeye si mtu wa kulalamika. Alisema mara moja tu, huku anatazama barabara:

— Wakiniona hivi, naenda nyumbani.

Basi kijiwe kikaona kina kazi. Profesa alianza siku hiyohiyo.

— Ni ile bereti. Miaka yote imelala upande mmoja. Kichwa kinafuata kofia, shingo inafuata kichwa, sasa mgongo ufanyeje?

— Bereti ina uzito gani, Profesa? nikamwuliza.

— Fundi, rimu ikipinda kidogo tu, baiskeli nzima si inakwenda upande?

Hapo alinipata.

Redio hakukubali. Yeye alisema ni baridi ya reli. Askari wakilinda stesheni alfajiri wanasimama karibu na chuma, na chuma kinavuta baridi kutoka Kaliua huko mpaka hapa mwisho wa njia, na ikifika hapa inakosa pa kwenda, inapanda kwenye buti. Malale akasema nyie wote hamjui kitu, mgongo una kilomita zake kama injini, na kila saluti inakula kilomita moja. Ndiyo maana mabosi hawaumwi, wao wanapigiwa. Kufika siku ya tatu Profesa alishaiacha bereti, sasa alikuwa na bibi mmoja wa huko kwao Mpimbwe, ambaye mjukuu wake alikamatwa na Koplo, na bibi akafunga kamba kwenye kisiki na kuikaza kidogo kila asubuhi ili mgongo wa Koplo ukazike nayo. Mimi nilisema ni godoro. Wakanicheka, wakasema fundi hana elimu.

Koplo alisikiliza yote hayo kama watu wanabishania mbuzi wa jirani. Alikuwa anatabasamu kwa midomo tu. Macho yalikuwa mbali, nami sikuyapenda yale macho.

Dawa ilitoka kwa Redio. Alisema kwao, mwanamke aliyezaa mapacha akikukanyaga mgongoni mara moja, kwa mguu wa kulia, unaamka mzima. Profesa akasema si hivyo, kwao anayekanyaga lazima awe amezaliwa kwa kutanguliza miguu. Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Redio akashinda kwa sababu yeye mapacha alikuwa nao: shemeji yake Joséline, mke wa kaka yake, alikuwa mjini siku hiyo kauza ndizi na hajarudi Katumba. Hakuna aliyemjua mtu aliyetanguliza miguu.

Nilitegemea Koplo akatae. Ni mtu ambaye hapokei hata kashata ya bure, anasema itamletea maneno. Lakini aliweka kikombe chini na kusema sawa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu mzima, askari, anakubali kukanyagwa kwenye karakana ya baiskeli! Maana yake usiku halali.

Tukashusha mlango nusu ili wapita njia wasione. Nikatandika magunia sakafuni. Koplo alilala kifudifudi, na kule kulala tu kulimchukua muda, anashika meza, anashika goti, anashika bega langu. Joséline akaingia, mama mnene, mtulivu, si wa kuchekacheka. Alinawa mguu kwenye karai ninalopimia tyubu zilizotoboka, akaukausha kwa kanga, akanishika bega, akainua mguu. Kisha akaurudisha chini.

— Panauma wapi? akatuuliza.

Profesa akajibu shingoni. Redio akasema mbavuni, kwenye baridi. Malale akasema kiunoni, na mimi nilishaonyesha katikati ya mgongo kabla sijafikiri. Wanaume wanne, mahali panne.

— Na ameanza kuumwa lini?

Malale alitazama magunia. Profesa alikuwa anafuta birika lililokuwa safi.

— Nyie kila siku mnakaa naye hapa. Hakuna aliyemwuliza?

Hakuna. Tulikuwa tumezungumza kuhusu mgongo wa Koplo mvua nzima, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia mwenye mgongo. Si kwamba hatumpendi. Ni kwamba sisi tumekua tukijua askari ndiye anayeuliza. Unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Wewe unajibu kwa kifupi na kushukuru Mungu ukiondoka. Kumwuliza yeye kitu, tena cha mwilini mwake, ni jambo lisilotujia kichwani kabisa.

Joséline alihangaika mpaka akachuchumaa karibu na kichwa chake.

— Kaka, panakuuma wapi?

Koplo akaanza kuongea, uso umeelekea sakafuni, na hakuwa akiongea kama askari anayetoa taarifa. Alisema gari la doria lilinasa kwenye tope njia ya Sibwesa, mvua za mwanzo. Wakashuka kusukuma. Akasikia kitu kimekatika chini kabisa, juu kidogo ya makalio. Hakusema, wenzake walikuwa wanacheka na yeye akacheka. Baadaye maumivu yakashuka kwenye paja, yakafika kwenye shavu la mguu wa kushoto, na sasa kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi. Juzi alitembea kutwa na kokoto ndani ya buti, hakujua mpaka alipoona damu kwenye soksi.

— Naogopa, alisema. Naogopa nitaamka siku moja mguu ukatae kabisa. Nyumbani sijasema. Kazini sijasema. Nawasikia tu hawa wakiongea.

Nilijisikia vibaya mno. Laiti angetutukana ningepumua.

— Mana yanje, Joséline alisema kwa Kirundi chake, akimwita Mungu wake. Mguu una ganzi, na nyie mlitaka nipande juu na uzito huu? Mwinueni polepole.

Tulipomwinua, Joséline mwenyewe alimfunga vifungo vya shati, kama mtoto anayekwenda shule.

— Haya uliyoniambia, kamwambie mkubwa wako. Hivyohivyo, usipunguze hata la kokoto.

— Atanitoa kazini.

— Na ukipooza, atakuacha kazini?

Asubuhi nilimsindikiza kwa miguu mpaka getini kituoni. Malale alijitolea kutubeba kwa pikipiki, tukamwambia asante. Koplo aliingia, nikabaki nje. Alichelewa sana. Nikaanza kumwona kichwani mwangu anavua sare, anaikunja, anaiweka mezani. Alipotoka alitoka na mkubwa wake, wote wawili wakapanda gari kwa shida ileile, wakaondoka bila kunitazama. Nilirudi karakanani, nikafunga mnyororo wa mteja kinyume.

Habari yenyewe tuliipata siku iliyofuata, Koplo akiwa amesimama palepale ukutani. Alisema mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia afunge mlango.

— Nikajua basi, kwisha.

Lakini mkubwa alisimama kwa kushika meza kwa mikono miwili, polepole, akamwonyesha kiti chake. Nyuma ya kiti kulikuwa na mto mdogo wa mtoto, una picha za bata, umefungwa kwa kamba ya viatu. Naye alifanya doria miaka mingi, ameketi kwenye vile viti vya chuma vya gari. Naye alikuwa anaogopa ukaguzi.

— Sasa mimi nikajikuta nimemwuliza, afande, na wewe panakuuma wapi? Nikashtuka. Nimemwuliza mkubwa swali. Akaniambia yote.

Ndiyo maana walikwenda hospitali pamoja. Mama wa mazoezi ya viungo aliwalaza, akawanyanyua miguu, akagusagusa nyayo kwa pamba. Kwa Koplo alisema hakuna mfupa uliovunjika, ila mshipa wa fahamu umebanwa, na hata ganzi inaweza kuisha akifuata masharti. Atembee kila siku, afanye mazoezi aliyofundishwa, asinyanyue mizigo, asipande gari la doria kwa sasa. Ganzi ikizidi, arudi siku hiyohiyo. Koplo alipomwambia habari ya kukanyagwa, yule mama alifumba macho, akamwambia amshukuru sana huyo aliyerudisha mguu chini.

Na ukaguzi? Mkubwa alimweka kaunta kwa maagizo ya hospitali, kwa hiyo hatakimbizwa, na akipona anarudi doria. Hakuna anayekwenda nyumbani. Kuanzia Jumatatu yule mama atakuja kituoni kila asubuhi kabla ya gwaride, askari watalala kwenye mikeka na kunyoosha migongo. Mkubwa alipotangaza, akauliza nani ana maumivu. Mikono ikainuka hata kwa wale vijana wapya.

Moyo wangu ukatua. Nilicheka peke yangu kama mjinga. Malale alikuwa anafuta macho na kusingizia vumbi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Profesa alikubali kwamba bibi wa Mpimbwe labda hahusiki, lakini bereti, alisema, bereti haijaondolewa kwenye uchunguzi.

Redio akakohoa, akamgeukia Koplo, akiwa na uso wa mtu aliyesimamishwa barabarani bila leseni.

— Afande, samahani. Na leo, panaumaje?

Koplo akamtazama. Akacheka, safari hii na macho yalikuwemo. Akaanza kutueleza kuanzia kidole gumba kwenda juu, na hakuna aliyemkatiza mpaka birika likaisha.