Maji ya Kupimia Mafuta ya Paulo Mahimbo

Paulo Mahimbo alizaliwa kijiji cha Ulaya, wilaya ya Kilosa, tarehe 9 Machi 1926. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha baba yake alipofariki.

Mwaka 1948 aliajiriwa karibu na Mikumi, kwenye shamba la mlowezi aliyelima mchaichai. Huko alijifunza kutoa mafuta kwa mvuke: majani huwekwa juu ya maji yanayochemka, mvuke hubeba mafuta, hupita katika bomba lililopozwa, na chupani mafuta huelea juu ya maji. Alikata majani baada ya umande kukauka. Chupa alizikinga na jua, kwani mwanga huua harufu. Mlowezi alipoondoka mwaka 1964 alimwachia mtambo.

Alifunga ndoa na Hildegarda tarehe 2 Juni 1951. Bibi wa bibi harusi alimnusa, akapiga kelele, "Mume wangu ananukia chai! Sukari ameiacha wapi?"

Agosti 1974 familia ilihamishiwa kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti, Ndugu Filipo, aliona pipa na bomba.

"Mtambo wa gongo huu!"

"Ndugu Mwenyekiti, agiza glasi ya maji," marehemu alisema. "Gongo huchanganyika na maji. Mafuta haya yataelea."

"Mlevi hanifundishi kazi."

Hakuna aliyeleta maji. Ninyi mliokuja kumzika leo mlisimama pale zaidi ya mia, wengi mmechuliwa vifua kwa mafuta hayohayo, wengine mliyapaka kufukuza mbu. Mtambo ulipondwa kwa nyundo, naye akafungwa miezi sita.

Alirudi na kikohozi kisichopona. Waliokuja kumjulia hali hawakufika watano. Kisimani wanawe waliitwa wana wa gongo. Homa ilipopanda aliuliza, "Wameleta maji?" Tulipompa ya kunywa, aliyakataa. Alifariki nyumbani tarehe 17 Mei 1976, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane wake Hildegarda, watoto wanne, nikiwemo mimi Verdiana ninayesoma, na chupa moja ya mafuta yake. Chupa hiyo iko mezani, kando ya jeneza. Glasi ya maji tumeileta wenyewe. Ndugu Filipo, uliyekaa mstari wa mbele, njoo umimine watu wakiona. Usipomimina, na udongo wa kaburi hili usiushike.

Baba, maji yameletwa. Sasa pumzika.